Pini ya Ishirini na Nne

Fundi cherehani alikuwa na makosa matatu, na binti yake aliyasoma moja baada ya jingine kama karani wa mahakama.

La kwanza: sufuria tatu zilizoungua ndani ya mwezi mmoja. Fundi alikuwa na duka chini na vyumba viwili juu, na katikati palikuwa na ngazi zenye vidato kumi na saba. Alizoea kubandika chakula juu, kisha kushuka dukani "dakika moja tu" kumalizia mkono wa koti, na dakika za mafundi zinajulikana tabia zake. La pili: pazia la jikoni, lililopoteza maisha katika ajali ya sufuria ya tatu. La tatu ndilo lililomtoa binti mji wa pili kwa basi la asubuhi. Fundi alizimia juu ya cherehani yake saa tano, mbele ya bwana harusi mtarajiwa aliyekuja kujaribu suti. Alipozinduka, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Usiinue mkono, hapo ni bandi tu, sijashona."

Binti alikuwa muuguzi, na muuguzi hasikilizi maelezo, anasikiliza mapigo ya moyo. Alimpima baba yake presha, akamkagua macho, akamwambia atoe ulimi, akamwambia aurudishe. Kisha akapanda jikoni na kufungua kabati. Ndani mlikuwa na majani ya chai, sukari na nusu mkate. Akashuka.

"Baba, simama."

Fundi akasimama.

"Geuka."

Fundi akageuka, na hapo ndipo kesi ilipomwelemea. Suruali yake ilikuwa imepunguzwa kiuno mara tatu. Ilipunguzwa kwa mishono safi ambayo hakuna mtu angeigundua, isipokuwa mtu aliyejifunza kutambaa chini ya meza ya fundi.

"Mara tatu," binti alisema. "Umejipunguza mara tatu, na kwenye simu unaniambia hujambo."

"Kitambaa kililegea, mama."

Fundi alimwita binti yake mama tangu siku aliyozaliwa, na kadiri mambo yalivyokuwa mabaya ndivyo alivyolivuta zaidi lile neno.

"Kitambaa hakijalegea. Uliyelegea ni wewe."

Hukumu ilitolewa palepale, mshtakiwa akiwa bado ameshika kiuno chake. Binti angerudi Jumamosi ya wiki inayofuata, saa saba mchana. Alitaka kukuta mezani chakula ambacho baba yake amekitayarisha kwa mikono yake. Chai haikuhesabiwa. Mkate mtupu haukuhesabiwa. Akikuta ni hadithi zilezile, duka lingefungwa, na fundi angehamia kwake, ambako chumba kilikuwa tayari na shuka zimeshatandikwa.

"Na sufuria nyingine haiungui," aliongeza. Akafungua kichwa cha mtungi wa gesi, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na vitana na dawa za kichwa.

"Sasa nitapikia nini?"

"Hilo ni swali zuri sana," binti alisema, akaenda kupanda basi.

Fundi akabaki na mke mwenza.

Huyu alikuwa sanamu ya kuvalishia nguo, kiwiliwili kisicho na kichwa wala mikono, kilichosimama kwa mguu mmoja wa mbao karibu na dirisha. Jina alipewa na marehemu mke wa fundi, aliyedai kwamba mumewe anamshika kiuno yule kuliko anavyomshika yeye. Binti naye, kwa heshima zote, alimwita mama mdogo na kumwamkia kila aingiapo dukani.

Mke wa fundi alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa. Alikuwa na sheria moja tu. Fundi, kama mafundi wengi, alikuwa na mkono unaochomeka pini kwenye kola ya shati bila kumwuliza mwenyewe. Basi kila alipopanda kula, mkewe alimngoja juu ya ngazi, kiganja wazi, uso mkavu kama wa askari wa mpakani.

"Kabidhi silaha."

Fundi aliinamisha shingo. Vidole vya mkewe vilipita kwenye kola taratibu, vikachomoa pini moja, mbili, siku nyingine tano. Baada ya hapo tu ndipo aliporuhusiwa kukumbatia mtu na kuvuka mpaka kwenda mezani.

Sasa mpaka haukuwa na askari. Meza ilikuwa palepale juu na viti vyake vitatu, na fundi alipokaa, kiti cha upande wa pili kilimkazia macho. Chai, kwa bahati nzuri, hunyweka umesimama.

*

Jumatano alikuja mpishi wa hoteli kuchukua makoti yake sita meupe. Alikuwa mtu mnene, mwenye kuingia mlangoni kwa bega la kulia kwanza, na alikuwa na mazoea ya kusema mambo kama yalivyo.

"Fundi, mbona uko kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani?"

"Nasubiri matokeo ya mtihani."

Akamweleza yote: sufuria, pazia, suruali, gesi, Jumamosi. Mpishi alisikiliza huku akivaa koti la kwanza na kulivua.

"Yaani unatakiwa kutoa chakula bila moto."

"Bila moto. Nina birika la umeme tu."

"Achana na birika. Kuna kitu cha Waitaliano, cha kufungulia mlo. Tunakitoa kila siku. Wageni wanakipiga picha kwanza ndipo wanakula. Una kalamu?"

Fundi alikuwa na chaki. Akatandaza karatasi ya kuchorea mitindo mezani, akainama juu yake kana kwamba anapokea vipimo vya waziri.

"Nyanya," mpishi alisema. "Kubwa, zilizoiva zenyewe, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Usiziweke kwenye friji. Nyanya ikipigwa baridi inasahau ladha yake. Halafu jibini mbichi. Siyo ile ya manjano ngumu. Ile nyeupe, laini, inakaa ndani ya maji yake, mviringo kama yai lililomenywa. Hiyo nitakuagizia mimi. Majani ya mrehani, mabichi. Mafuta ya zeituni. Chumvi. Pilipili manga."

"Halafu?"

"Halafu unakata nyanya, unakata jibini, unapanga. Nyanya, jibini, jani. Nyanya, jibini, jani. Unamwagia mafuta. Unakula."

"Na kupika?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Fundi, ukijikuta unatafuta kiberiti, ujue umeshapotea."

Fundi aliandika HAKUNA KIBERITI, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Unene wa kipande?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ni sentimita ngapi?"

Mpishi alipima hewa kwa vidole viwili. Miaka ishirini jikoni, hakuna aliyewahi kumwuliza. "Weka nusu."

"Nusu kamili, au na akiba ya mshono?"

"Nyanya haishonwi, Fundi."

"Na kipande kimoja kinamlalia mwenzake kwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kupendeza!"

Fundi aliandika: sentimita moja u nusu.

"Chumvi, sikiliza vizuri," mpishi aliendelea, akiwa tayari amekumbatia makoti yake. "Chumvi ni dakika ya mwisho, mgeni ameshakaa. Ukiitia mapema, nyanya zinalia, sinia linakuwa bwawa. Na jingine, usilete ujanja. Chakula hiki ni uchi mtupu. Hakina mchuzi, hakina pa kufichia kosa."

Akatoka kwa bega la kushoto. Fundi akamgeukia mke mwenza.

"Umesikia? Hakina pa kufichia kosa."

Mke mwenza, kama kawaida yake, hakutia neno.

*

Siku ya Ijumaa fundi alifanya majaribio kwa nyanya mbili. Kukata hakukumsumbua. Alikuwa amekata hariri, kitambaa kinachokimbia mkasi, kwa miaka thelathini na minane, na nyanya kwake ilikuwa mteja mtulivu. Aliilaza juu ya ubao, akasimamisha rula pembeni, akapitisha kisu cha mkate, na vipande vikaanguka sawasawa kama vifungo vya seti moja. Tatizo lilikuwa ngazi. Meza nzuri yenye mwanga ilikuwa chini dukani, na meza ya kulia ilikuwa juu. Alipofika kidato cha tisa nyanya zilianza kuteleza. Kidato cha kumi na mbili zilikuwa zimekusanyika zote upande mmoja wa sinia, zinaangalia chini. Cha kumi na nne moja ikajitupa.

Fundi alikaa kwenye kidato hicho na kutafakari. Mtu mwingine angeamua kukatia juu. Mtu mwingine angepanda na nyanya nzima mkononi na kisu mfukoni. Lakini fundi alikuwa ametumia maisha yake yote kutatua tatizo la vitu viwili vinavyoteleza visikae pamoja, na dawa yake aliijua hata akiwa usingizini.

Vinabanwa kwa pini.

Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika historia ya duka, alitundika kibao cha TUMEFUNGA. Aliisugua meza ya kukatia kwa sabuni mara tatu na kutandika kitambaa cheupe. Akafungua boksi jipya la pini, zenye vichwa vya kijani, kwa sababu alitaka zifanane na majani ya mrehani. Hilo ndilo wazo alilojivunia kuliko yote, nasi tusimcheke kabla ya wakati. Akahesabu ishirini na nne, akaziosha, akazimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika, akazipanga kwenye mto mdogo wa pini uliofungwa kwenye kiganja chake kwa mpira.

Kisha akaanza. Nyanya, jibini, jani, na pini moja katikati kuvishika vyote vitatu. Nyanya zilikuwa nzito, zina juisi inayong'aa. Jibini ilikuwa baridi na laini kiasi cha kumfanya ashushe pumzi kila akiikata, isije ikaumia. Majani yalinukia duka zima, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tumbo la fundi likatoa sauti. Alimtazama mke mwenza kwa aibu.

Alipofika fungu la kumi na tisa, simu ikaita.

Vidole vyake vilikuwa vimelowa, na kimojawapo kilishika pini. Mkono ukaitafutia pini pa kukaa, ukapata, naye akapokea simu.

"Baba, nimeshuka stendi. Natembea."

"Karibu mama, karibu. Taratibu barabarani."

"Mbona unahema?"

"Nahema? Hapana. Ni furaha."

Akakata simu na kuendelea mbio. Alipopapasa mto wa pini kwa fungu la mwisho, lililoegemea wenzake, na kukuta umekwisha, alidhani ameshalibana, akashukuru kwamba kazi imekwisha pia. Akabeba sinia. Kidato cha tisa, hakuna kilichosogea. Cha kumi na mbili, hakuna. Cha kumi na nne, fundi alitabasamu peke yake kama bwana harusi. Mafungu ishirini na manne yalifika juu yamesimama mistari minne, kama wanafunzi kwenye paredi.

Aliliweka sinia mezani na kuanza kuchomoa pini, akizihesabu kwa sauti.

"Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu."

Akatafuta ya ishirini na nne.

Akahesabu upya. Ishirini na tatu. Akazimwaga mezani, akazipanga tano tano, zikabaki tatu. Akainama mpaka pua ikakaribia jibini. Alichokiona ni majani ya kijani, na vivuli vya kijani chini ya majani, na kila kona ya kijani ilikuwa na sura ya kichwa cha pini. Wazo la kujivunia likamgeukia.

Fundi alishuka vidato kumi na saba kufuata sumaku, akavipanda tena. Akaipitisha juu ya sinia taratibu, kama kuhani. Sumaku haikutikisa hata uma uliokuwa pembeni. Basi akaijaribu: akaweka pini moja chini ya kipande cha jibini, akaisogeza sumaku. Kimya. Ilikuwa sumaku ya siku nyingi, imeokota pini za maisha yote, na sasa nayo ilikuwa imestaafu.

Chini, mlango wa duka ukafunguliwa.

"Shikamoo mama mdogo," sauti ikasema kule chini. Kisha hatua zikaanza kupanda.

*

Binti alitokea mlangoni na mkoba begani. Alifungua mikono yake kumkumbatia baba yake, akapiga hatua moja, na ghafla akasimama. Mikono ikashuka. Akamshika mabega kwa mbali, kama mtu anayeshika koti lenye doa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Fundi aliona jinsi kumbatio lilivyokatwa katikati, na moyo ukamshuka. Alijua hukumu ilishaandikwa huko huko kwenye basi.

Lakini binti alikuwa anatazama meza. Akasogea, akazunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili.

"Hii umefanya wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mke mwenza alisimamia."

Binti akakaa. Fundi akakaa. Kiti cha tatu kikaendelea na kazi yake ya kutazama. Fundi alinyunyiza chumvi, akazungusha mafuta ya zeituni, akatia pilipili manga, na wakati huo wote kichwani mwake kulikuwa na baraza zima linapiga kelele. Ukisema, umekwisha, mzee anayetia pini kwenye chakula haachwi aishi peke yake, hata wewe mwenyewe usingemwacha. Duka litafungwa leo hii. Usiposema, pengine iko upande wako. Pengine imeanguka kwenye ngazi. Pengine ulihesabu vibaya tangu boksini.

Binti alichukua fungu kubwa kuliko yote, nyanya na jibini na jani, akalinyanyua kwa uma. Mafuta yalidondoka. Akafungua mdomo.

Fundi aliliona duka lake limefungwa. Aliiona na pini ikishuka kooni mwa mwanawe. Na baraza lote likanyamaza.

"Usile!"

Alirusha mkono juu ya meza, akaupiga uma, na kipande kikaruka na kutua kwenye kile kiti cha tatu.

Binti alibaki na mkono mtupu hewani.

"Kuna pini," fundi alisema. "Humo. Nilizibana kwa pini ili zisiteleze kwenye ngazi. Niliweka ishirini na nne. Zimetoka ishirini na tatu. Vichwa vyake ni vya kijani." Akaonyesha sinia kwa kidole. "Nilitaka zifanane na majani. Basi, mama. Umeona mwenyewe. Nitafungasha."

Binti alimtazama usoni. Macho yakashuka kidogo, yakabaki hapo, yakarudi juu. Alifungua mdomo kusema kitu, kisha akaufunga, na midomo ikamcheza. Fundi akajua anameza hasira.

"Pini moja," binti alisema hatimaye, kwa sauti ya wodini.

"Moja."

"Basi itatafutwa. Hatutupi chakula. Kipande kimoja kimoja. Unakipasua, unakikagua, unakitafuna polepole. Na utaanza wewe, maana mwenye kosa ni wewe."

"Mimi?"

"Kwani mimi ndiye niliyebana nyanya kwa pini?"

Fundi alichukua fungu la kwanza, akalipasua, akalichungulia kama mtu anayesoma maandishi madogo, akatia mdomoni. Akatafuna kwa uangalifu mkubwa. Nyanya ilikuwa tamu, kisha chachu, kisha chumvi ikaja, na jibini ikapita katikati yake kimyakimya kama maziwa.

"Ipo?" binti aliuliza.

"Haipo."

"Linalofuata."

Wakaenda hivyo. La pili, la tatu. Binti alikagua yake na kula kwa haraka ya mtu aliyeamkia kwenye basi, lakini kila fungu lake moja, alimsukumia baba yake mawili. La saba, la nane. Kufikia la tisa fundi alisahau kuchungulia, akakumbushwa.

"Mama yako angesema nini?" aliuliza, mdomo umejaa.

"Angesema mke mwenza ndiye aliyekushauri."

Fundi alicheka mpaka ikambidi ashike meza. Binti akacheka. Wakakumbuka siku marehemu alipomfunga mke mwenza kanga na kumgeuza uso ukutani kwa wiki nzima, adhabu ya fundi kuchelewa chakula. Wakakumbuka jinsi alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya jikoni, makusudi, ili mtu apande haraka kumnyamazisha. Fundi alikula la kumi na mbili akiwa anaeleza, na la kumi na tatu akiwa anasikiliza.

"Ndiyo maana siwezi kukaa hapa," alisema ghafla, akitazama sinia. "Siyo moto, mama. Siyo kwamba sijui kupika. Nikikaa, kile kiti kinaniangalia. Kule chini watu wanaingia, wanatoka, wanabishania urefu wa suruali. Huku juu ni mimi na kijiko tu. Unasikia kijiko kinavyogonga sahani? Kelele yake huijui."

Binti alimsukumia fungu jingine.

Mwisho wake sinia likabaki na mafuta, juisi nyekundu na vipande vya majani. Wakakata mkate uliokuwa kabatini, wakafuta sinia kila kona, ili kutafuta pini, binti alisema, na kwa sababu nyingine pia. Sinia liling'aa. Pini haikuwemo.

Hata kile kipande kilichorukia kiti cha tatu kilikaguliwa. Haikuwemo.

Fundi akasimama. Rangi ilimtoka. "Basi tumeimeza. Mmoja wetu ameimeza. Mama, fungua mdomo."

"Baba."

"Twende hospitali. Kuna picha zile wanapiga..."

"Baba. Hebu inama."

Binti alikuwa amesimama mbele yake, kiganja kimekunjuliwa, uso mkavu kabisa.

"Kabidhi silaha."

Shingo ya fundi ikainama yenyewe, kwa kuwa shingo haikuwa imesahau. Vidole vikapita kwenye kola taratibu, vikasimama upande wa kushoto, na kuchomoa pini moja yenye kichwa cha kijani.

Fundi aliitazama.

"Uliiona saa ngapi?"

"Nilipoingia. Nilitaka kukukumbatia, nikaiona inanielekea shingoni."

"Na ukaniacha nihangaike sinia zima?"

"Umekula mafungu kumi na matano, nimehesabu. Kuna njia gani nyingine ungekula mafungu kumi na matano?"

Fundi alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akakohoa, akanyoosha kidole, na kidole kikakosa la kusema. Kisha akakumbatiwa, lile kumbatio lililokatwa mlangoni, likiwa zima sasa na la muda mrefu, na hapakuwa na kitu cha kumchoma mtu.

*

Hukumu ilisomwa upya saa tisa. Duka halitafungwa. Lakini meza ya kulia haitakaa juu tena hata siku moja.

"Itashuka dukani," binti alisema. "Utakula pale, mchana, mlango wazi, mbele ya hao wanaobishania suruali. Utakatia pale, utakula pale. Na hakuna chakula kitakachopanda ngazi, kwa hiyo hakuna haja ya pini."

"Na kiti cha mama yako?"

Binti alikitazama. Bado kilikuwa na alama ya mafuta. "Kishuke nacho. Yeye ndiye aliyependa watu kuliko sisi wote."

Waliishusha meza kidato baada ya kidato, fundi mbele, binti nyuma, wakilaumiana kwa kila kona. Waliiweka karibu na dirisha, kando ya mke mwenza. Halafu binti alichukua utepe wa kupimia, akauzungusha kiunoni kwa baba yake, akauvuta bila huruma.

"Sabini na saba. Na hiyo ni pamoja na nyanya."

Akaandika 77 kwa chaki ukutani. Chini yake akaandika 80, na chini ya 80 tarehe ya mwezi ujao.

"Na gesi yangu?"

"Ipo salama mkobani. Hujafika huko."

Binti alipoondoka, fundi aligeuza kibao cha TUMEFUNGA, akashona upindo wa gauni mpaka jua lilipolegea. Ilikuwa imebaki nyanya moja na kitonge cha jibini ndani ya maji yake. Akavikata bila rula. Nje watu walipita, mmoja akapiga hodi kuuliza kama suti iko tayari, akaambiwa asubiri, fundi anakula.

Alivuta kiti. Kabla hajakaa, akapitisha mkono kwenye kola yake. Zilikuwa mbili. Akazichomoa, akamgeukia mke mwenza, na kumkabidhi begani.